Jiwe la Changamwe Lenye Majina Mawili

Mpwa wangu alivuka Horohoro akitokea Mombasa, na ndani ya begi lake mlikuwa na jiwe lililofungwa kwenye kikoi. Alilitoa kwenye kifusi cha msingi wa nyumba, upande wa Changamwe, akaona haliachiki. Akaliweka mezani kwangu hapa Ngamiani, Tanga, tukiwa tunasubiri kufuturu. Ni duara bapa, ukubwa wa kisahani cha kikombe, rangi ya kahawia. Limejizungusha kutoka katikati kama kamba ya nanga iliyokunjwa na baharia anayejua kazi yake: mzunguko wa ndani mwembamba, wa nje mnene, na yote inaonekana wazi. Juu ya kila mzunguko zimepangana mbavu. Ukifuata ubavu mmoja kwa ukucha, unaanza upande wa ndani ukiwa mmoja, umenyooka, na karibu na ukingo wa nje unagawanyika mara mbili kama panda ya manati.

"Mjomba, huyu si nyoka kweli?"

Dada yangu alisema konokono. Mzee jirani, aliyekuja kufuturu nasi, aliligeuzageuza akasema pembe ya kondoo. Kijana mwenyewe alikuwa ameshalipiga picha na kuuliza kwenye simu, akajibiwa majina mawili: ukurasa mmoja Perisphinctes, mwingine Katroliceras. Hapo ndipo alipoudhika. Kama wenye elimu yao hawakubaliani, yeye ashike lipi?

Nilimwambia nitamwandikia. Haya ndiyo niliyomwandikia, nimeyapanua kidogo ili na wengine wanufaike.

Kwanza huyo mzee jirani. Alipata kitu bila kujua. Wamisri wa kale walikuwa na mungu aliyeitwa Amoni, aliyechorwa akiwa na pembe za kondoo dume, na Warumi waliyaita mawe ya namna hii pembe za Amoni. Humo ndimo lilimotoka jina amonaiti. Lakini si pembe, si nyoka, na dada yangu anisamehe, si konokono pia. Konokono anajaza gamba lake lote. Mwili wake unajipinda mpaka kule kwenye ncha. Amonaiti alikaa chumba cha mbele tu. Nyuma yake gamba lilikuwa limekatwa kwa kuta, chumba baada ya chumba, mpaka kwenye kitovu pale alipoanzia maisha. Ni jamaa wa pweza, ngisi na dome.

Anayetaka kuelewa jinsi gamba hilo lilivyofanya kazi hana haja ya kwenda makumbusho. Ashuke ufukweni Raskazone maji yakiwa yamekupwa, atafute kile kibao cheupe chepesi kinachobaki dome akifa, kile ambacho wafugaji wa ndege huwawekea kwenye matundu. Akivunje kwa upande. Ataona tabaka nyembamba mno zimepandana kama karatasi, na kati ya tabaka na tabaka vinguzo vidogo vinavyozitenganisha. Ndani ya nafasi hizo dome aliye hai ana gesi na maji kidogo. Akipunguza maji anakuwa mwepesi, akiongeza anakuwa mzito, na hivyo anaweza kukaa katikati ya maji bila kupiga mapezi kwa nguvu muda wote. Amonaiti alikuwa na mpango huohuo ndani ya mrija uliojiviringa. Kutoka mwilini mwake ulipita mfereji mwembamba ulioingia kila chumba mpaka cha kwanza, na kwa mfereji huo aliyanyonya maji ya chumba kipya, gesi ikachukua nafasi. Kila alipokua alisogea mbele, akajenga ukuta mwingine nyuma yake.

Mahali ukuta unapokutana na gamba pana mshono. Kwa amonaiti mshono huo haukunyooka. Umejikunja na kukatika kama kingo za jani la mpapai. Tunauona leo kwa sababu ya jambo la bahati. Gamba lenyewe mara nyingi liliyeyuka ardhini, lakini tope lililokuwa limeingia vyumbani liligandamana likawa jiwe, na juu ya jiwe hilo mistari ya kuta ikabaki. Kwa hiyo kisukuku cha amonaiti, yaani alama ya mnyama wa kale iliyobaki katika jiwe, mara nyingi ni umbo la ndani ya nyumba, nyumba yenyewe haipo. Mpwa wangu akilowesha jiwe lake maji na kuliinamisha kwenye mwanga wa jioni, kati ya mbavu ataiona mistari hiyo.

Sasa jina la kwanza. Jenasi, yaani kundi la spishi zilizo karibu kiukoo, ya Perisphinctes ilianzishwa mwaka 1869 na Wilhelm Waagen, Mjerumani wa Munich. Alilichukua kwenye Kigiriki, na maana yake inaelekea kwenye kitu kilichofungwa na kukazwa pande zote, kwa sababu gamba la wanyama hawa lina mibano: mahali pachache katika kila mzunguko pamebonyea kana kwamba mtu alipitisha kamba akaikaza. Sifa nyingine ndizo hizo nilizozitaja mezani: mizunguko isiyofunikana sana, mbavu zinazogawanyika kuelekea nje. Waliishi katika enzi ya Jurasiki, sehemu yake ya juu, katika kipande cha muda kinachoitwa Oksfodia kwa heshima ya mji wa Oxford, takribani miaka milioni 161 hadi 155 iliyopita. Wakubwa wao walipita sentimita 30 kwa upana, sinia zima.

Kama mambo yangeishia hapo, kijana asingepata majina mawili. Tatizo ni kwamba mbavu zinazogawanyika mara mbili hazikuwa mali ya jenasi moja. Amonaiti wengi wa Jurasiki walikuwa nazo, wa kabla na wa baadaye. Wachunguzi wa karne ya 19 walipopata gamba bapa lenye mbavu za panda, kutoka Ufaransa, Poland, Himalaya, Madagaska au Mombasa, wakaandika Perisphinctes na kuendelea na safari. Jina likawa kapu.

Sisi tunalijua kapu la namna hiyo, tunakula kutoka ndani yake. Tunasema dagaa. Dagaa wa Kigoma ni ukoo wa sadini. Dagaa wa Mwanza si ndugu yake hata kidogo. Yuko upande mwingine wa samaki wa maji baridi, mbali kabisa na sadini. Na dagaa mchele wanaoanikwa hapa pwani ni ukoo mwingine tena. Mpishi hana shida na neno hilo, kwa sababu wote ni wadogo na wote huanikwa. Lakini mtu akitaka kujua ziwa gani lina samaki gani, na tangu lini, neno dagaa halimsaidii kitu. Ndivyo Perisphinctes ilivyokuwa kwa mtu aliyetaka kujua mwamba fulani una umri gani.

Karne ya 20 ikawa ya kulipangua kapu. Mwingereza William Arkell aliandika kwa miaka mingi, kati ya 1935 na 1948, juu ya amonaiti wa Oksfodia wa nchini kwake, na Perisphinctes wakagawanywa katika jenasi ndogo nyingi. Ni kazi ya subira kubwa, naiheshimu. Lakini kupangua nako kuna hatari yake, na hapa ndipo jambo linapokuwa tamu.

Chukua spishi ambayo ndiyo kigezo cha jenasi yote, Perisphinctes variocostatus. Jina lenyewe linasema mbavu zake hubadilika. Mizunguko ya ndani ina mbavu nyembamba zilizosongamana. Mzunguko wa mwisho wa mnyama mkubwa una mbavu nene, butu, zilizoachana. Ukivunja mzunguko wa nje na kumpa mtu ule wa ndani peke yake, ataapa ni mnyama mwingine. Mtoto na mzee katika gamba moja.

Halafu kuna la dume na jike. Katika tabaka moja la mwamba zilikuwa zikipatikana gamba kubwa na gamba ndogo ambazo zamani za utoto zinafanana kabisa, mzunguko kwa mzunguko. Ndogo huishia mapema, mara nyingi theluthi ya kubwa au pungufu, na mdomoni mwake hutokeza mabapa mawili kama masikio, moja kila upande. Kubwa huendelea kukua na mdomo wake hauna masikio. Ndogo ziliitwa Dichotomosphinctes, kubwa zikaitwa Perisphinctes. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Henryk Makowski wa Poland na John Callomon wa Uingereza, kila mmoja kwa njia yake, walionyesha kwamba jozi za namna hii kwa amonaiti wengi ni jinsia mbili za mnyama mmoja. Wengi huchukulia kubwa kuwa jike, kwa kutazama pweza na jamaa zake walio hai. Fikiria mtu wa mbali aliyepewa mifupa ya tausi na manyoya yake: dume na mkia wake ule angeandikwa kitabu kimoja, jike kitabu kingine. Ndivyo ilivyokuwa. Mpaka leo majina yote mawili yangali yanaandikwa, kwa sababu kuthibitisha ni jike lipi la dume lipi, kwa kila spishi, ni kazi nyingine.

Nimekaa sana hapa kwa makusudi. Mpwa wangu alidhani majina mawili ni dalili ya watu wasiojua. Mimi naona ni alama za wino za watu waliorudi kwenye jiwe lilelile mara ya pili na ya tatu.

Jina la pili, Katroliceras, linatupeleka mahali ambapo pwani hii inapajua vizuri. Katrol ni vilima vya Kachchh, kusini ya mji wa Bhuj, kaskazini-magharibi mwa India. Kachchh! Karne na karne majahazi yalishuka na kaskazi kutoka bandari ya Mandvi yakiwa na nguo, yakarudi na kusi. Wakachi wamezaliwa na kuzikwa katika miji yetu. Mwaka 1840 Mwingereza James de Carle Sowerby alieleza amonaiti mwenye mbavu kutoka Kachchh, akamwita Ammonites pottingeri. Wakati huo karibu kila amonaiti aliitwa Ammonites, jambo linalokuonyesha kapu la kwanza lilikuwa kubwa kiasi gani. Mwaka 1875 Waagen yuleyule, sasa akifanya kazi India, akamhamishia katika Perisphinctes yake. Mwaka 1924 Leonard Spath wa London akasema hapana, huyu ni wa baadaye na ukoo wake ni mwingine, akamtengenezea jenasi na kuipa jina la vile vilima. Mnyama mmoja, majina matatu, hakuna aliyedanganya.

Na Mombasa inaingiaje? Katika miaka ya 1870 msafiri wa Kijerumani Johann Maria Hildebrandt alikusanya mawe karibu na Mombasa, akayapeleka Berlin. Huko Ernst Beyrich aliyaeleza mwaka 1877 na 1878, na mmoja wao mpaka leo amebeba jina la mkusanyaji: Hybonoticeras hildebrandti. Beyrich aliona kwamba amonaiti wa Mombasa wanafanana na wa Kachchh kuliko inavyotarajiwa kwa sehemu mbili zilizotenganishwa na bahari nzima.

Leo tunajua sababu. Bahari hiyo nzima haikuwepo. Katika Jurasiki, Afrika, Madagaska na India zilikuwa sehemu za bara moja lililokuwa likipasuka. Madagaska ilikuwa imebanana na pwani ya Tanzania, Kenya na Somalia, na India ilikuwa upande wake wa pili. Mpasuko ulipofunguka, maji yaliingia kutoka kaskazini kama mkono wa bahari, na amonaiti wakaingia nayo. Kachchh ilikuwa ukingoni mwa mkono huohuo. Madagaska ikateleza kusini, India ikajitenga nayo kiasi cha miaka milioni 88 iliyopita, ikapanda kaskazini mpaka ikagongana na Asia, na Himalaya ikainuka. Juu kule Nepal, katika mto Gandaki, maji hutoa mawe meusi yenye amonaiti ambayo Wahindu huyaheshimu kama alama ya Vishnu, wakiyaita shaligramu. Ni wa ukoo uleule mpana wa mbavu, waliozikwa chini ya bahari na kupandishwa milimani.

Kwa hiyo kabla hakujawa na jahazi, kabla hakujawa na pepo za msimu zinazopita juu ya bahari ile pana, Mombasa na Kachchh zilishiriki maji. Kila nikilishika jiwe hili huwaza hivyo, na sioni aibu kusema kwamba hunisisimua.

Lakini majina yasipokuwa sahihi hadithi hiyo haisemeki. Amonaiti wana faida moja ambayo visukuku vichache vinayo: walibadilika haraka na walienea mbali. Mjerumani Albert Oppel, katika miaka ya 1850, alitumia jambo hilo kuikata Jurasiki katika vipande vidogo, kila kimoja kikitambulishwa na amonaiti wake. Kimoja cha Oksfodia kimepewa jina la Perisphinctes plicatilis. Kwa wastani vipande hivyo ni vya chini ya miaka milioni moja, na kwa mambo yaliyotokea zamani kiasi hicho, huo ni usahihi wa ajabu. Kule Lindi, katika mlima Tendaguru, ambapo kati ya 1909 na 1913 mamia ya Watanganyika chini ya usimamizi wa watu kama Boheti bin Amrani walifukua dinosaria waliopelekwa Berlin, mifupa ililala katika tabaka zilizopishana na tabaka za bahari. Dinosaria hawakusema umri wao. Amonaiti wa tabaka za bahari ndio waliosaidia kuueleza.

Basi nimjibu kijana. Miamba tope ya Changamwe kwa sehemu kubwa ni ya Kimerijia, kipande cha muda kinachofuata baada ya Oksfodia, kuanzia kiasi cha miaka milioni 155 mpaka 149 iliyopita. Perisphinctes kwa maana finyu ya leo walikuwa wameshapita. Kwa hiyo ukurasa ulioandika Perisphinctes ulilishika kapu la zamani, na ule ulioandika Katroliceras umekaribia zaidi. Kukaribia, kwa sababu Kimerijia ilikuwa na jenasi nyingine zenye mbavu kama hizo, na picha ya upande mmoja haitoshi. Inabidi kuona mzunguko wa ndani kabisa, mshono, umbo la mrija ukikatwa kwa upande, na mdomo kama upo. La kwake halina mdomo; limevunjika kabla.

Ameniuliza pia kama hapa Tanga tunaweza kupata lake. Mapango ya Amboni, kilomita zipatazo 8 kaskazini ya jiji, yamechongwa na maji ndani ya mawe ya chokaa ya Jurasiki, na machimbo ya saruji kule Pongwe yanakula mawe ya chokaa pia. Tunaishi juu ya bahari ya kale, hilo ni kweli. Ila chokaa ya namna hii ililala katika maji ya kina kifupi, mahali pa matumbawe na kombe, na amonaiti kwa kawaida hupatikana kwa wingi zaidi katika tope laini lililotua taratibu kwenye maji yaliyotulia. Asiende Amboni na nyundo. Kuta za pango zina thamani zikiwa zimesimama.

Walikwishaje? Jenasi moja moja zilipotea na nyingine kushika nafasi, na kundi lote liliisha miaka milioni 66 iliyopita, pamoja na dinosaria, kimondo kilipoipiga dunia na bahari kuharibika. Binamu yao wa mbali, nautilo, alipona na yungali hai katika Bahari ya Pasifiki na mashariki ya Bahari ya Hindi. Maelezo ninayoyaona yana nguvu ni haya: mtoto wa amonaiti alianguliwa akiwa na ukubwa wa milimita moja hivi, akielea juu miongoni mwa viumbe vidogo sana ambavyo ndivyo vilivyoangamia kwanza, ilhali nautilo hutaga mayai makubwa machache na mtoto wake huanza maisha akiwa na zaidi ya sentimita mbili. Na sisi wa Tanga tunaye mwingine aliyepona, silikanti, samaki ambaye ukoo wake uliogelea bahari moja na amonaiti. Wavuvi wetu wamekuwa wakimnasa kwenye nyavu tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, na tangu 2009 ana hifadhi yake ya bahari hapa.

Jambo la mwisho nililomwambia ni kuhusu kile kikoi. Alilifunga jiwe vizuri, lakini hakuandika popote. Nimemtaka akumbuke nyumba ile iko mtaa gani, shimo lilikuwa na kina gani, udongo uliolizunguka ulikuwa wa rangi gani, aandike yote kwenye karatasi na karatasi ikae na jiwe. Mwaka 1893 Alexander Tornquist alichapisha maelezo ya amonaiti wa Oksfodia kutoka koloni la Wajerumani la Afrika Mashariki, waliookotwa na Franz Stuhlmann. Vilikuwa vipande tu, hakuna kilichokuwa kizima kama hiki cha Changamwe. Lakini Stuhlmann aliandika mahali alipoviokota, Mtaru, na kwa sababu hiyo vipande vile vinasomwa mpaka leo.